Shemeji, Mashine na Ghorofa ya Juu

Jumatatu, 3 Machi
Kiti cha mkuu wa makadirio kiko wazi! Nani mwingine kama si mimi? Tangu ujana nahesabu zege na nondo kwa rula na kalamu za rangi. Bosi katangaza: atakayeleta makadirio bora ya ghorofa mpya itakayojengwa juu ya ofisi hii hii, kiti ni chake. Mshindani mmoja tu: shemeji yangu mhandisi, mdogo wake mke wangu. Kazi hapa nilimtafutia mimi! Mke wangu kaomba tushindane kwa upendo. Nimekubali. Uongo mtupu.

Jumanne, 4 Machi
Shemeji katengeneza programu. Inasoma michoro ya jengo, nguzo na mihimili yote, kisha inatoa vifaa na gharama. Nilikwenda kuidhihaki. Nikabaki mdomo wazi. Kazi yangu ya wiki nzima, imemaliza chai yangu haijapoa! Hata ncha za nondo zilizokunjwa imezihesabu. Pale mhimili unapoingia kwenye nguzo, mimi huhesabu zege mara mbili. Yenyewe wapi! Nilitaka kulia, jamani. Ni nzuri! Nikamwambia shemeji kwamba si mbaya sana.

Jumatano, 5 Machi
Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nimeinama. Nimemwomba shemeji anifundishe, nikisingizia udadisi tu. Kanifundisha kwa moyo mweupe, kaniwekea programu kwenye kompyuta yangu. Mjinga! Itahesabu yenyewe, nami nitanakili kwa kalamu za rangi, ionekane ni uzoefu.

Alhamisi, 6 Machi
Mashine imeniuliza ghorofa zipi zimeshajengwa. Mimi? Niulizwe na mashine? Nikachagua kwamba zote ni mpya, ili inyamaze. Ikatii mara moja. Ina adabu kuliko watu wengi hapa. Gharama imetoka kubwa mno, nikafurahi: mradi mkubwa unataka mkuu mkubwa. Nimenakili mpaka vidole vikafa ganzi. Mke wangu kanikanda, akisifu bidii yangu. Niliona haya. Kidogo.

Ijumaa, 7 Machi
Balaa! Bosi kapitia makadirio yangu, kauliza kwa upole msingi huu ni wa nini. Nikajibu kwa kifua mbele kwamba hakuna jengo bila msingi. Akauliza sasa hivi tumekaa juu ya nini. Nikatazama sakafu. Loo! Ghorofa za zamani zimo kwenye michoro kwa sababu ndizo zitakazobeba mzigo wa ile mpya. Nimekadiria kujenga jengo tulilomo! Pamoja na ngazi niliyopanda asubuhi! Mhasibu kacheka mpaka akashika mbavu. Shemeji hakucheka. Alijua fika nimetumia programu yake, lakini hakunifichua. Alisema tu kwamba makadirio yangu ni sahihi, ila jengo limeniwahi. Kiti kapewa yeye. Mtu huyu! Nampenda, namchukia, kaninunulia soda.

Jumamosi, 8 Machi
Nimetafakari sana. Shemeji mwenyewe kasema ni sahihi! Basi kosa si langu, ni la jengo. Nimeshamwandikia bosi kwamba ofisi imechoka, tuibomoe yote tuanze chini. Makadirio yapo tayari, tena kwa rangi. Mke wangu kauliza naandika nini huku natabasamu. Nimemwambia namwandalia mdogo wake pongezi.