Nyota ya Kwenye Pipa

Bila yeye, dunia nzima ingemwagilia bustani kwa fimbo! Hivyo ndivyo alivyojinadi Bwana Mlaini, mkorogaji wa kiwanda cha mipira ya maji. Kazi yake ilikuwa kumimina kilainishi kwenye unga wa plastiki, ili mpira upindike badala ya kukatika kama tambi kavu. Kwa majivuno yake, ungedhani plastiki aliizaa yeye.

Asubuhi ya siku ya kwenda kuposa, yalishushwa mapipa mapya ya kilainishi. Kila pipa lilikuwa na lebo, na kwenye lebo picha ya mtu mwenye nyota kifuani.

"Nyota kifuani!" alishangilia. "Wamenichora mimi! Nani huvaa nyota kama si mkubwa?"

Akaibandua lebo moja, akaibandika kwenye koti la suti, upande wa moyo. Akaondoka kifua mbele.

Sebuleni kwa kina mchumba wake, akaketi akilinyoosha koti. Neno la mwisho lilikuwa la Shangazi, mkunga mstaafu, na wachumba wawili alishawarudisha mlangoni.

"Nini hicho kifuani, baba?"

"Cheo, Shangazi. Kazini bila mimi hakuendeki!"

Shangazi akavaa miwani, akasogea, akasoma kwa sauti. "'Kimiminika kama mafuta. Hakina rangi.'"

"Sina makuu," Bwana Mlaini akaeleza.

"'Hakichanganyiki na maji.'"

"Hilo kweli," mchumba akadakia. "Kuoga mpaka akumbushwe."

"'Hulainisha plastiki ngumu.'"

"Umesikia? Mimi mtu wa kulainisha mambo!"

"'Nyota hii ni alama ya hatari! Huenda kikadhuru uwezo wa kuzaa, na mtoto aliye tumboni.'"

Mama wa binti akaweka kikombe chini. Baba akakohoa bila kikohozi.

"Si mimi, ni pipa!" Bwana Mlaini akaivuta lebo kwa nguvu zote. Gundi ya kiwandani haina mchezo, ikatoka na mfuko wa koti. Jamani, aibu gani hii!

"Na hilo pipa unalishika kwa glavu?" Shangazi akauliza, akiichukua lebo.

"Glavu za nini? Mimi dume! Nakoroga kwa mkono mtupu, najipangusa kwenye suruali!"

Shangazi akasoma mstari wa chini. "'Kihifadhiwe penye hewa, mbali na chakula.' Haya baba, barazani!"

Akahamishwa na kiti chake. Ndani vijiko viligongana, yeye akameza mate. Alimpenda yule binti kwa dhati, na sasa posa imekwenda na maji kwa mdomo wake mwenyewe. Alitamani kulia.

Hatimaye mchumba akatoka, amevaa glavu za kuoshea vyombo.

"Shangazi amekubali."

"Amekubali?!" Akaruka, mikono wazi.

"Simama hapo hapo! Amekubali, ila kwanza ukapimwe hospitali, na kazini uvae glavu. Halafu anauliza, muda wako wa matumizi unaisha lini?"