Dakika Moja na Sekunde Arobaini

Jumatatu, 3 Machi

Jambo hili sijawahi kumwambia mtu yeyote, kwa hiyo nakuambia wewe, daftari: nawapenda Dalbi. Ndiyo, wale wasichana watano wa Korea wanaocheza kama wamefungwa kwa uzi mmoja. Mimi! Kiranja wa maktaba! Mtu ambaye darasa zima linamwita Profesa, na ambaye akiulizwa anasikiliza nini hujibu kwamba anasikiliza taarifa ya habari.

Albamu yao mpya imetoka. Dada amenipa simu yake ya zamani, ile ya kioo kilichopasuka, na kunakili nyimbo zote humo. Simu ikalalamika kwamba nafasi imejaa, lakini nilizihesabu nyimbo: tisa kamili. Nimemwambia ni kwa ajili ya utafiti. Amecheka mpaka akakaa chini.

Maoni yangu. Wimbo wa kwanza: ngoma zake kama mtu anasogeza makabati ghorofa ya juu. Safi sana. Wa nne: nimeurudia mara kumi na mbili, chai ikapoa. Wa saba: wamepoteana kidogo, nawasamehe. Wa tisa ndio ulioniumiza. Ni wa yule wa pembeni, peke yake. Yule ambaye siku zote husimama mwisho wa mstari na kupewa sekunde chache za kuimba. (Mimi pia husimama mwisho katika picha za darasa. Ya mwaka jana imechukua bega langu tu.) Hatimaye wamempa wimbo wake! Anaanza taratibu, sauti inapanda, inapanda, na ikifika dakika moja na sekunde arobaini, kap! Unakatika. Katikati ya neno.

Ni dharau. Nitaandika.

Jumanne, 4 Machi

Nimeandika! Kurasa mbili, kwa ajili ya gazeti la ukutani, lile linalobandikwa kwenye ubao nje ya maktaba. Jina la kalamu: Mhakiki Huru. Herufi kubwa tupu, ili mwandiko usinichongee. Nimebandika kabla ya kengele ya kwanza, nikaondoka kwa mwendo wa mtu asiyejua lolote, nikagonga ndoo ya mfagiaji.

Nimesifu nyimbo nane. Kuhusu wa tisa nimesema kukatika kule ni jaribio la kijasiri la kisanaa, lakini la kikatili. Nimeridhika sana na neno "kikatili".

Mapumziko, watu wamejaa ubaoni. Redio, jirani yangu wa dawati, anayeitwa hivyo kwa sababu hana kitufe cha kuzimia, amesema huyo mhakiki lazima ni msichana aliyeachwa na mpenzi wake. Nikasema inawezekana.

Jumatano, 5 Machi

Nimejibiwa! Karatasi ndogo, nadhifu, pini nne, moja kila pembe, na muhuri wa tarehe juu kulia. Imesainiwa "Aliyesikiliza Hadi Mwisho". Anasema Mhakiki Huru ana kalamu nzuri na masikio mabovu. Anasema wimbo wa tisa haukatiki popote, una karibu dakika nne, na mwisho wake ndio roho ya albamu nzima.

Mwongo! Tena mwenye kiburi! Dakika nne!

Lakini nimeisoma karatasi ile mara saba. Katika shule hii hii kuna mtu anayejua kwamba wimbo wa tisa upo. Miaka miwili sasa nimebishana kuhusu Dalbi na mto wangu wa kulalia tu, na mto haujibu. Lazima nimpate mtu huyu. Kwanza nimshinde, halafu tuwe marafiki.

Uchunguzi: muhuri ule ni wa maktaba. Maana yake ni mtu anayeazima vitabu sana. Nimepitia daftari la waazimaji. Washukiwa ni kumi na wanne.

Alhamisi, 6 Machi

Mpango wa kwanza: kujificha nyuma ya rafu ya ensaiklopidia, penye dirisha linalotazama ubao, nimwone atakayekuja kubandika. Nilidumu dakika sita. Vumbi. Nikapiga chafya iliyosikika hadi jikoni.

Akaja Mama Kimya. Huyu ni mkutubi wetu. Jina tulimpa kwa sababu ya kidole chake, ambacho kikifika mdomoni hata feni inaona aibu. Alikuwa na kopo la pini mkononi, nadhani alikuwa akitundika ramani. Akaniuliza, mwanangu, unatafuta nini huko chini? Nikasema juzuu ya tatu. Akafurahi mno. Akaniazima ya tatu, na ya nne na ya tano pia kwa kuwa zinaendelea, akazigonga muhuri zote, ko, ko, ko. Nimezibeba hadi nyumbani. Mgongo wangu!

Ijumaa, 7 Machi

Mpango wa pili, wa kisayansi. Nitauimbia puani wimbo wa tisa karibu na kila mshukiwa. Nikifika pale unapokatika, nanyamaza. Huyo anayedai wimbo unaendelea hataweza kujizuia, atauendeleza mwenyewe. Kwangu mimi kuimba mbele za watu ni sawa na kwenda shule nimevaa taulo. Lakini nimejitoa mhanga.

Kwenye foleni ya bomba la maji, Redio akaniuliza kama tumbo linanisokota. Msichana wa dawati la mbele akahama dawati. Mwalimu wa hesabu, ambaye hata si mshukiwa, akasema mwenye furaha kiasi hicho aje ubaoni atatue swali la tano. Sikulitatua. Kufikia mchana wote kumi na wanne wamekwisha. Hakuna hata mmoja!

Nikaenda maktaba kupanga vitabu. Hakukuwa na mtu. Nikauimba tena, kwa huzuni, kwa ajili yangu tu. Dakika moja na sekunde arobaini. Nikanyamaza.

Wimbo ukaendelea.

Ulitoka kaunta. Mama Kimya, miwani puani, anagonga mihuri kwa mdundo, ko, ko-ko, huku akiimba sehemu ambayo sijawahi kuisikia maishani. Vitabu vikaniporomokea miguuni. Akainua uso. Kidole hakikupanda.

Akasema, "Kumbe ni wewe, masikio mabovu."

Nikasema shikamoo. Sijui kwa nini, nilishamwamkia asubuhi.

Akanieleza kwamba binti yake alipohamia mji mwingine, yeye alianza kusikiliza Dalbi ili wawe na la kuongea kwenye simu. Sasa binti amewachoka na kuhamia kwa waimbaji wengine, mama amebaki nao peke yake. Mumewe anadhani anasikiliza mahubiri.

Nikatoa simu ya dada nimthibitishie. Akasikiliza. Kap! Akaitazama simu, akanitazama mimi, akauliza kwa upole kama simu hii ilisema lolote wakati wa kunakili.

Nafasi imejaa. Nilitamani juzuu zote tatu zinifunike.

Akanipa upande mmoja wa vipokea sauti vyake, wa pili akauweka sikioni mwake. Yule wa pembeni analimaliza lile neno! Anaendelea, na wenzake wanne wanaingia taratibu nyuma yake, nyuma kabisa, wanamwitikia. Yeye yuko mbele. Hawakumkata. Mama Kimya akanipa kitambaa. Nikasema ni vumbi. Akasema vumbi hilo analijua.

Tumekubaliana: kila Ijumaa baada ya kengele, tutasikiliza pamoja. Na Jumatatu nitabandika masahihisho, nikiri kosa langu kiungwana. Nimeapa mkono ukiwa juu ya kamusi.

Jumatatu, 10 Machi

Nilifika mapema na masahihisho yangu. Watu saba mbele ya ubao. Redio alikuwa akiwaambia kwamba Mhakiki Huru ni kichwa, hasa kwenye ile hoja ya kukatika. (Redio hajasikiliza hata wimbo mmoja.) Wote wakatikisa vichwa kukubali. Saba!

Nikayarudisha masahihisho mfukoni.

Nikaingia darasani, nikaandika kwa mkono wa kushoto kwamba mimi ni mzee mstaafu, napita njia tu, nimesikiliza wimbo wa tisa hadi mwisho, ni mzuri ajabu, lakini ungekuwa bora zaidi kama ungekatika kwenye dakika moja na sekunde arobaini. Nikasaini "Mzee Mstaafu". Nikabandika kwa pini moja.

Mapumziko nikapita kuangalia. Ilikuwa na pini nne na muhuri wa tarehe. Chini yake, kwa wino mwekundu: "Mzee wangu, tuonane Ijumaa. Usisahau masikio."

Amenitambuaje? Mkono wa kushoto haujawahi kuandika chochote shuleni hapa!

Nikarudi darasani, nikamwomba Redio karatasi nyingine. Mzee Mstaafu anahitaji mke wa kumuunga mkono.