Ekseli ya Gari la Mikate

Jumatatu, 3 Agosti

Nimepewa siku ya mwisho. Jumapili! Mama Watoto ametangaza asubuhi huku anapima gauni la mteja, pini kazibana kwa midomo. Anataka uwanja wa uani apange vyerehani vyake, maana chumbani wateja wanakanyagana. Na uwanja wote kaukalia Bi Mkubwa.

Bi Mkubwa ni gari. La marehemu baba mkwe, rangi ya maziwa, pua ndefu, kiti cha mbele kimebonyea umbo la mama mkwe. Nilikabidhiwa mbele ya ukoo mzima baada ya kuapa kwamba nitalifufua. Siku ile nilikuwa nimeshiba. Injini nimeifufua kweli, kwa mikono hii. Ila ekseli ya nyuma imekufa. Meno yamelika. Ukiingiza gia, inasaga tu kama kibogoyo aliyepewa karanga.

Hukumu yenyewe naiandika ilivyotamkwa: "Jumapili mama anakuja. Litoke getini kwa nguvu zake lenyewe, likakae huko nje. Likishindwa, namwita mtu wa vyuma chakavu aje na mkokoteni."

Nikamwomba asimwite Bi Mkubwa "li". Akasema katika nyumba hii Bi Mkubwa ni mmoja tu, na ana pini mdomoni.

Mimi ni mwanamume wa vitendo. Nikampigia mama mkwe hapo hapo, nikamwambia Jumapili avae vizuri, atapanda gari lake. Akasema ufunguo wa akiba bado anao, kaufunga kwenye leso tangu msiba.

Basi tena. Hakuna kurudi nyuma!

Jumanne, 4 Agosti

Nimeshinda kwa mtu wa vyuma chakavu. Ekseli zimelala pale kama mamba juani. Nilikwenda na futi ya kupimia nguo ya Mama Watoto (hajui).

Ya kwanza ilikuwa ya pikapu. Nene, tamu, lakini pana mno; magurudumu yangetokeza nje kama viwiko vya mtu anayegombania chakula. Ya pili ya gari dogo, upana wake sawasawa, ila ukiizungusha inalia. Nina watoto wa kutosha wanaolia. Ya tatu ikanitazama. Ekseli ya gari la kusambaza mikate! Meno mazima, breki zipo, upana ule ule ukiachia kidole kimoja. Tena nikiinusa nasikia mkate. Mwenye mali akasema ni oili. Mimi nasema mkate.

Sikuonyesha kwamba nimependa. Nilipiga miayo. Nikaikashifu, nikaondoka hadi mlangoni, nikarudi. Mwisho nikampa baiskeli yangu, tukapeana mkono. Nimerudi nyumbani kwa miguu, nimebeba ekseli kwa mkokoteni wake, nikipiga mluzi. Baiskeli ya nini kwa mtu mwenye gari?

Futi imeingia grisi. Nimeirudisha kabatini upande safi ukiwa juu.

Jumatano, 5 Agosti

Futi imeonekana. Tusiizungumzie.

Shemeji amekuja. Huyu ni kaka wa Mama Watoto, mchomeleaji wa mageti, na tangu nioe hajawahi kukubali hata siku moja kwamba nina akili. Kajilaza chini ya Bi Mkubwa, kaitazama ekseli yangu, kaguna. Ninalijua lile guno. Alilitoa hata siku ya mahari.

Akaeleza kwamba kwenye gari la mikate springi hukaa juu ya ekseli, kwa Bi Mkubwa hukaa chini yake. Kwa hiyo vile vibao vya chuma ambavyo springi hukalia, yeye anaviita vikalio, vinatazama juu badala ya chini. Dawa yake ni kuvikata, kuvigeuza na kuvichomelea upya. Siku nzima ya kazi. Akanyoosha kidole puani kwangu: "Shem, nisikilize. Kinachogeuzwa ni vikalio tu."

Nikamwambia nitafikiri. Nilishafikiri zamani! Mtu akitaka kulalia upande wa pili wa godoro, anakata godoro? Anapindua! Nikiipindua ekseli nzima, kushoto ikawa kulia na kulia ikawa kushoto, vikalio vinatazama chini vyenyewe. Hakuna kukata. Hakuna kuchomelea. Hakuna Shemeji.

Akili kama hii huzaliwa mara moja katika ukoo. Kwetu ilizaliwa kwangu.

Ijumaa, 7 Agosti

Imeingia! Imekaa kama mkono ndani ya glovu. Springi zimelala kwenye vikalio, bolti zimeitika. Mgongo umekatika, furaha iko palepale.

Vijambo viwili vitatu vya kitoto. Lile tundu dogo ambalo ekseli hupumulia, lililokuwa juu, sasa liko chini na linadondosha oili. Nimeliziba kwa kizibo cha chupa. Na ile nati ya kumwagia oili chafu, iliyokuwa chini, sasa iko juu. Basi nimetilia oili hapo hapo. Rahisi zaidi! Sijui waliotengeneza magari walisoma wapi. Mimi niliishia darasa la saba na nimeliona.

Mama Watoto ameleta chai akauliza kama cha juu kiko juu na cha chini kiko chini inavyotakiwa. Nikamwambia katika ufundi juu na chini ni mazoea tu. Ameondoka na chai yake.

Jumamosi, 8 Agosti

Nimempandisha Bi Mkubwa kwenye jeki, nikawasha, nikaingiza gia ya kwanza. Magurudumu yamezunguka! Yote mawili! Hayasagi, hayalii, yanazunguka kama feni. Nimemkumbatia Mama Watoto na grisi zangu. Alicheka kabla hajakumbuka kwamba kakasirika.

Shemeji, kwa wivu, akachungulia juu ya ukuta wa jirani, akauliza yamezunguka upande gani. Nikamjibu kwamba duara halina upande. Nimeliandika jibu hilo ili wajukuu walisome.

Jumapili, 9 Agosti

Mama mkwe alifika na gauni la buluu na mkoba wa ngozi. Kabla ya salamu alikwenda kwa Bi Mkubwa, akapitisha kiganja kwenye boneti, kisha akafungua leso, akanipa ufunguo. Nikaupokea kwa mikono miwili.

Mtu wa vyuma chakavu naye alikuwepo, kaalikwa. Mkokoteni wake kaufunga nyuma ya baiskeli yangu! Mama Watoto akamwambia asizibe geti, ausogeze kule mbele ukutani. Sasa kumbuka, msomaji wangu ambaye ni mimi mwenyewe: Bi Mkubwa amesimama pua ikitazama ukuta, buti ikitazama geti. Ili kutoka ni lazima nirudi nyuma.

Mama mkwe akaketi kwenye kiti chake. Kikampokea. Majirani wamejaa. Shemeji kaegemea geti, kakunja mikono. Nikawasha, nikaingiza rivasi, nikageuza shingo kama rubani, nikaachia klachi.

Bi Mkubwa akaenda mbele.

Akapanda mkokoteni. Mkokoteni wa vyuma chakavu ukawa chuma chakavu. Baiskeli yangu ikapona. Damu nzito kuliko maji. Mwenye mkokoteni akashika kichwa. Mama Watoto hakupiga kelele, akaziba macho tu, na hilo ndilo lililonichoma. Nikaona Bi Mkubwa anakatwa vipande. Nikaona ile leso.

Kwa kuchanganyikiwa nikaingiza gia ya kwanza ili niende mbele zaidi, nife na ukuta.

Akarudi nyuma! Laini, kama siagi! Akapita getini bila kugusa hata rangi. Nikatia ya pili. Akaongeza. Nikatia ya tatu! Barabara nzima tunakwenda kinyumenyume, upepo dirishani, kuku wanakimbia upande usiofaa, na Shemeji kajilaza chini katikati ya vumbi akicheka hadi machozi.

Mama mkwe kashika mkoba magotini. Nikajua nitatukanwa. Akainua mkono, akawapungia watu waliokuwa wakizidi kuwa wadogo mbele yetu.

"Marehemu alikuwa akinipitisha, nawapa kisogo," alisema. "Leo nawaona wote."

Tulikwenda hadi njia panda. Kurudi tulitumia rivasi, gia moja, mwendo wa jongoo. Mama mkwe alisema haina haraka.

Getini Mama Watoto alitazama uwanja mtupu, akamtazama mama yake, akanitazama mimi. Akasema alisema litoke, hakusema litazame wapi. Bi Mkubwa anabaki!

Jumatatu, 10 Agosti

Vyerehani viko uani, vinaimba. Bi Mkubwa yuko nje ya geti. Mkokoteni wa watu nimeahidi kuutengeneza mwenyewe. Mwenye mkokoteni kaomba nisiuguse.

Asubuhi Shemeji kaja na mashine ya kuchomelea. Kaeleza, kwa upole wa kuudhi, kwamba ukiipindua ekseli magurudumu huzunguka kinyume. Kasema atairudisha ilivyokuwa na kuvichomelea vikalio, bure, kwa ajili ya mama yake. Nimemshukuru nikamrudisha kwao. Nitupe gari lenye gia nne za kwenda nyuma? Nani mwingine analo mjini hapa?

Jana nililala nikiwaza, leo nimeamka na jibu. Ekseli haina kosa. Gari linakwenda vizuri kabisa, ila sisi ndio tunaotazama upande mbaya.

Saa hizi nimefungua bolti za viti vyote viwili vya mbele. Cha mama mkwe nimeshakifunga upya, kinatazama buti. Changu kinafuata. Usukani utabaki mgongoni kwangu kidogo, hilo nitalipatia dawa kesho.

Mama Watoto katoka, katazama, karudi ndani. Nasikia anaongea na simu, anamtaja mtu wa vyuma chakavu. Bila shaka anamsifia kwa ekseli yake.

Na wanasema mimi sisikii ushauri! Shemeji alisema kinachogeuzwa ni vikalio tu. Nimegeuza vikalio.