Mto Nisioulalia

Jumatatu, 3 Machi

Balaa jipya ofisini. Mkuu wetu amerudi kutoka semina na jambo linaloitwa Dakika Tano. Kila siku wakati wa chai mtu mmoja atasimama atoe maoni yake juu ya kitu alichotazama, alichosoma au alichonunua. Kisha ayatetee! Anasema mtumishi asiyeweza kutetea maoni yake juu ya sabuni hawezi kutetea bili ya maji mbele ya mteja.

Mimi ni karani wa malalamiko. Nakaa nyuma ya dirisha dogo, watu wananifokea, naandika, wanaondoka. Hakuna aliyewahi kuniuliza naonaje. Ndiyo sababu naipenda kazi hii.

Tena kuna baya zaidi. Wa majaribio tuko wawili, mimi na kijana wa dirisha la pili, ambaye kimoyomoyo namwita Mjuaji. Nafasi ya kudumu ni moja. Barua itatoka Ijumaa ya wiki ijayo. Mkuu katutazama sote wawili, kasema Dakika Tano ndizo zitakazomwonyesha nani anafaa. Nikaurudisha mkate wangu kwenye sahani.

Nimemweleza dada. Hakuinua hata uso kwenye cherehani. Kasema nisiwe na wasiwasi, nikikosa kazi ataniajiri kumkatia nyuzi, na nitaendelea kulala hapa hapa chini ya meza yake ya kukatia vitambaa mpaka nipate mvi. Kwamba alikuwa anatania sina hakika.

Jumanne, 4 Machi

Aliyefungua pazia ni Keshia, wa dirisha la malipo. Kasifia tamthilia ya saa mbili usiku. Kasema yule mke wa pili alifanya sawasawa kubadilisha kufuli za nyumba.

Mzee Dereva, ambaye hata zamu yake haikuwa, kaweka kikombe chini. Kasema yule mwanamke ni mwizi na anayemtetea tumjue. Keshia kamuuliza, baba, mbona unaumia hivyo, kwako wamebadilisha kufuli? Watu wakacheka. Dereva hakucheka. Mchana kagoma kumpeleka benki, eti gari lina homa.

Tamthilia, basi, siigusi. Hata kwa fimbo.

Jumatano, 5 Machi

Leo Mjuaji. Riwaya ya upelelezi. Kasema vizuri, lazima nikiri, mikono ikipaa hewani kama mtu anayeanika nguo. Kufika mwisho kasema uzuri wa kitabu ni kwamba huwezi kamwe kudhani muuaji ni daktari.

Mkuu kafungua mkoba wake polepole. Katoa riwaya ile ile. Alama ya ukurasa ilikuwa katikati.

Mjuaji alivyogeuka! Kwanza kasema huenda daktari si muuaji, inategemea msomaji. Halafu kasema kitabu chenyewe si kizuri kihivyo. Mwisho kasema hakukimaliza. Maoni matatu kabla chai haijapoa. Mkuu kaandika kitu kwenye karatasi yake. Nilifurahi mpaka nikaona aibu, kisha nikakumbuka kwamba zamu yangu ni Ijumaa. Furaha ikakatika.

Vitabu pia, basi, marufuku.

Alhamisi, 6 Machi

Mpango! Nitafute kitu ambacho hakuna binadamu mwenye hisia nacho. Sabuni haifai, Keshia anauza sabuni kwa pembeni. Viatu? Mjuaji atatazama vyangu. Chupa ya chai? Ya Mkuu ilivunjika mwezi jana na mpaka leo anaulizia aliyeiangusha. (Simjui. Sitaki kumjua. Nilikuwa nimeshika kifuniko tu.)

Nikirudi nyumbani nikaona kwenye kioo cha duka la kona: mto wa kulalia, wa mistari ya kijani, umevimba vizuri. Nani agombane kwa ajili ya mto? Sikuingia. Muuzaji wa pale ana tabia ya kuuliza "nikusaidie nini?" na mimi nikiulizwa hivyo huwa nanunua kitu. Nimeutazama tu kupitia kioo, kwa makini sana. Inatosha.

Kwamba mimi mwenyewe hulalia sweta iliyokunjwa si jambo linalowahusu.

Ijumaa, 7 Machi

Ushindi! Nimesimama, nikasema nina mto wa mistari ya kijani kutoka duka la kona, ninaulalia muda mrefu sasa, nalala kama mtoto mchanga. Hakuna aliyebisha! Mjuaji alifungua mdomo kubisha, akaishia kuutia mkate.

Mkuu kauliza kama nina hakika. Nikasema nina hakika kabisa. Kasema yeye usingizi umemhama tangu mwaka jana, na kwamba hatimaye kapatikana mtu mwenye maoni yenye manufaa. Jioni nikamwona anatoka duka la kona na mto kwapani. Nyuma yake Keshia. Nyuma ya Keshia, Dereva. Bosi akinunua, ofisi nzima inanunua. Hata Mjuaji! Alikuwa ameuficha wake kwenye mfuko mweusi, lakini mto haufichiki.

Nimemwambia dada kwamba kazi nimeshaipata. Kaniuliza mto gani.

Jumatatu, 10 Machi

Mungu wangu.

Mkuu kaingia kichwa kikiwa kimelala begani. Shingo haiendi. Kanisalimia huku akilitazama kabati la mafaili. Wateja wenye madeni makubwa walipomwona kichwa kimeinama upande hivyo walidhani anawaonea huruma, wakapata nguvu ya kuomba msamaha wa bili. Kawafukuza wote bila kuweza kuwatazama.

Keshia anahesabu noti kama anayechungulia chini ya kitanda. Shingo ya Mjuaji imekwama upande wa kalenda ya ukutani, kwa hiyo watu wa dirisha lake wanaona kama anawadharau, na wote wamehamia kwangu. Dereva ndiye aliyenivunja moyo zaidi. Alirudisha gari nyuma bila kuweza kugeuka, akaligongesha kwenye geti. Keshia ikabidi ashuke amwongoze. Sasa wanaongea tena, wale wawili, na wanachoongea ni mimi.

Saa ya chai wakapanga foleni kwenye dirisha langu. La malalamiko! Mzee Dereva kasema, kijana, mimi nina wajukuu, ulitaka niwatazameje? Keshia kasema, mdogo wangu, huo si mto, ni gunia la mawe limevishwa shati. Nikaandika yote. Sikujua la kufanya zaidi, ndiyo kazi yangu.

Nilitaka kusema ukweli. Naapa. Nilifika mpaka mlangoni kwa Mkuu. Nikamsikia ndani anasema kwenye simu kwamba jambo asilolivumilia ni mtu anayebadilisha maoni. Nikarudi.

Jumanne, 11 Machi

Mpango wa pili. Wakati wa chai nikatangaza kwamba mto ule ni wa kuzoeana nao. Siku za mwanzo shingo inagoma, kisha inalainika. Mimi mwenyewe, nikasema, niliteseka, lakini sikukata tamaa. Mkuu kauambia ukuta kwamba hivyo ndivyo maoni yanavyotetewa. Nikapumua.

Mjuaji! Kasema, tena kwa upole, ndugu yangu, kama wako umeshazoeana nao basi ulete kesho tuuone. Tuushike. Tujifunze. Wote wakaitikia. Mkuu pia.

Nikatoka kazini nikaingia duka la kona. Muuzaji kaniuliza nikusaidie nini. Nimerudi na mto na mwavuli.

Tatizo ni kwamba mto ni mpya kabisa, unang'aa. Nimeukalia. Nimeupiga kwa fimbo ya pazia. Nimeumwagia chai kidogo pembeni. Dada kaacha cherehani, kashika kiuno, kasema watu wenye akili huosha mito, wewe unaichafua, na hizo ndizo karo tulizokulipia? Nikamweleza. Kacheka mpaka pini zikamtoka mdomoni.

Na bado mto umevimba kama ngoma! Hakuna atakayeamini umelaliwa hata mara moja. Mwishowe nikafumua mshono, nikatoa vipande vya sponji konzi kwa konzi mpaka ukanywea, nikaushona tena. Dada kaichukua ile sponji bila kuniuliza, anajazia vikalio vya viti vya mteja. Sasa mto umelala kama mto wa mtu aliyeishi. Hata mimi ungenidanganya ningekubali.

Sikuulalia. Kwa shingo za kule ofisini? Sina wazimu.

Jumatano, 12 Machi

Umepita! Wameupitisha mkono kwa mkono kama mtoto aliyezaliwa jana. Mjuaji kaunusa. Kauliza doa hili ni la nini. Nikasema chai, husoma kitandani. Kauliza nasoma nini. Nikaona riwaya zinakuja, nikamwambia nasoma bili. Mkuu kasema safi.

Halafu pigo. Mkuu kasema kwa kuwa wangu umeshalainika, tubadilishane, yeye achukue wangu. Hakuuliza. Kauweka kwenye mkoba wake, kanikabidhi gunia lake.

Usiku huu bosi wangu analala juu ya uongo wangu. Kesho ataamka na shingo imegeukia mgongoni. Keshokutwa ndiyo barua. Nimeanza kuwa mwema kwa dada. Nimemkatia nyuzi bila kuombwa, na kasema nina kipaji. Sijawahi kusikia sifa iliyoniumiza hivi.

Alhamisi, 13 Machi

Sielewi.

Mkuu kaingia shingo imenyooka kama mstari wa rula. Kanitazama machoni, jambo lililonitisha zaidi. Kasema amelala usingizi ambao hajaulala tangu mwaka jana. Kasema mtu huyu alisema, akapingwa, akasimama pale pale. Wote wakageuka kunitazama, yaani waligeuza miili mizima, maana shingo bado.

Kisha wakaniletea mito yao. Nizoeane nayo kwa niaba yao! Nimerudi nyumbani nimebeba mito mitatu kama chura aliyebeba mayai. Watu barabarani wakanipisha. Nimefumua, nimetoa sponji, nimeshona. Dada anasema sasa ana sponji ya kutosha vikalio vya ukumbi mzima, na anauliza kama ofisi yetu haihitaji kitu kingine kibaya.

Nimefikiri sana. Mtu mwingine angesema, kumbe ningeingia dukani siku ile, nikaushika mto, nikaona umejazwa kupita kiasi, nisingeteseka. Sivyo kabisa. Ningeushika nisingeusifia. Nisingeusifia Mkuu asingelala. Aliyejiharibia mbele ya Mkuu ni Mjuaji, naye alikuwa amekinunua kitabu chake na kukisoma!

Ijumaa, 14 Machi

BARUA NIMEPATA. Ya kudumu. Mkuu kaisoma aya ya kwanza mbele ya wote. Mjuaji kaongezewa muda wa majaribio. Kanipa mkono, shingo yake imepona, ila jicho bado linaangalia kalenda. Kasema hongera, ndugu yangu, mimi ule mto nilijua tangu mwanzo kwamba ni mzuri. Hayo sasa ni maoni yake ya nne!

Mzee Dereva kaniita mwanangu. Keshia kanipa sabuni. Nikarudi nyumbani nikamwekea dada barua juu ya kitambaa anachokata. Kaisoma mara mbili, kajifuta macho kwa futi kamba, kaniambia nitoke chini ya meza yake, nitafute chumba kama watu.

Nikageuza ukurasa. Kuna aya ya pili. Kwa kuwa nina macho ya kuchagua vitu, kuanzia Jumatatu mimi ndiye msimamizi wa manunuzi yote ya ofisi. Cha kwanza, viti vipya vya wafanyakazi wote na vya Mkuu.

Jumatatu, 17 Machi

Viti! Kila mtu ana maoni juu ya viti. Muuzaji kanipigia simu akaniambia nifike ghalani kwake nivikalie kimoja kimoja kabla sijaagiza. Nikae mbele ya mtu asiyenijua, ananitazama ninavyokaa, kisha aniulize naonaje?

Nikamwomba anitumie kijitabu cha picha. Kakileta mchana. Nimekipitia kwa utulivu, mlango nimeufunga, bila kusumbuliwa na mtu wala kiti. Kwa njia hii akili inafanya kazi.

Nimepata. Kiti kizuri, imara, kona zake zote zimefanywa duara ili mtu asijiumize. Kwenye picha kimesimama peke yake, kwa hiyo ukubwa wake siwezi kuusema, lakini kiti ni kiti. Bei yake iko chini ajabu ukilinganisha na vingine. Wanasema kinafutika kwa urahisi uji ukimwagika, na hilo nimeliona ni jambo la busara, maana Keshia hunywa uji asubuhi.

Nimeagiza vya ofisi nzima, nimetia sahihi, haviwezi kurudishwa. Vilikuwepo vya njano vyenye kifaranga cha bata mgongoni, lakini nimechukua bluu. Kwa Mkuu inapendeza zaidi.