Kifua Changu na Magunia Sita ya Hoho

Alhamisi, 14 Agosti

Mama mkwe amepiga simu. Nilikuwa koridoni, nikamsikia mke wangu Slavica akisema: ndiyo mama, hoho zimeshaiva, ndiyo mama, Jumamosi ya tarehe 30. Sikusubiri kusikia zaidi. Nilitoka nikasimama kwenye ngazi.

Kila mwaka ni yale yale! Mwisho wa Agosti Kruševac nzima inanuka hoho za kuchomwa. Kila familia iko uani: inachoma, inamenya, inasaga, inakoroga kutwa, mpaka ipatikane ajvar ya kupaka mkate majira yote ya baridi. Sijamjua mtu aliyekataa akaendelea kusalimiwa. Mwaka jana walinipa mimi mwiko. Nikaenda kusikiliza mpira redioni, dakika tano tu. Haya, ishirini. Sufuria nzima ikaungua! Tulikula ya dukani mpaka Aprili, mama mkwe akibandua lebo ili majirani wasijue. Shemeji yangu Živadin, kaka yake Slavica, mpaka leo ananiita Bwana Mkaa. Hata kanisani.

Mwaka huu sisogei karibu na ile sufuria. Nimeapa.

Ijumaa, 15 Agosti

Nimepata wazo! Zlatibor. Likizo ya wiki moja mlimani, kuanzia tarehe 29. Sababu: kifua. Nimemwambia Slavica kwamba daktari ameagiza hewa ya misonobari na amekataza moshi wa kila aina. Daktari sijamwona tangu mwaka juzi, lakini ningekwenda ndivyo angesema.

Slavica akauliza: Zlatibor kweli, Vukadin, au unanitania? Nikasema kweli. Akakaa kitako kwenye kiti cha jikoni akalia. Miaka tisa hatujaenda popote. Alisema hataki makubwa, anataka kuzunguka ziwa kwa miguu bila haraka, na kunywa kahawa ambayo kikombe chake kitaoshwa na mtu mwingine. Mchana akaenda mjini, akarudi na kofia pana ya ukili.

Dhamiri ikanichoma. Nikala mikate miwili ya burek yenye nyama ndani, ikatulia. Hata hivyo nimeandika hapa ili nisisahau: hii likizo Slavica ataipata, liwalo na liwe.

Jumatatu, 18 Agosti

Zlatibor yote imejaa. Nimepigia nyumba kumi na moja za wageni. Moja walinicheka. Ya kumi na mbili, mama mmoja aitwaye Milunka alikuwa na chumba, kimebaki kwa sababu mteja wake amevunjika mguu. Namshukuru mteja huyo popote alipo. Chumba kina roshani, roshani inatazama ua. Nimekichukua. Aah, afadhali!

Jumatano, 20 Agosti

Mama mkwe Stojanka amekuja kukikagua kifua. Ametuletea mafuta ya nguruwe, vitambaa vya kulowesha kwenye rakija, pombe yetu kali ya matunda, na soksi za sufu. Nje joto nyuzi thelathini na tatu. Nilivuliwa shati, nikapakwa, nikafungwa kama mtoto mchanga. Kisha akaniamuru nikohoe.

Nikakohoa. Kwa maoni yangu nilikohoa vizuri. Živadin, aliyekuja eti kumsindikiza mama yake, alisema shemeji unakohoa kama mbuzi anayedai chumvi. Mama mkwe akamkemea: kifua cha mtu hakichezewi. Nenda mlimani mkwe wangu, akaniambia, nenda ukapone. Hakutaja hoho hata kidogo! Nilimbusu mikono yote miwili. Nanuka kama baa, lakini niko huru.

Jumapili, 24 Agosti

Nimekwisha!

Mama mkwe amefikiri. Slavica akienda mlimani, hoho atamenya nani? Ukoo mzima hakuna mwenye mkono mwepesi kama wake. Kwa hiyo hoho zitamfuata Slavica. Keshampigia Milunka, na wale wanawake wawili walielewana kwa dakika nne: ua upo, jiko la kuni la nje lipo, Milunka atapewa chupa kumi za ajvar kwa hisani yake. Familia nzima inakuja. Na magunia sita.

Nilijaribu kukumbusha habari ya moshi. Mama mkwe akasema limeshafikiriwa, wewe utakaa juu, ndani ya blanketi.

Slavica alichukua kofia kutoka kwenye msumari wa mlangoni akairudisha kwenye mfuko wa dukani. Ingekuwa heri angenigombeza.

Jumanne, 26 Agosti

Mbinu ya kwanza: nimemwambia Živadin kwamba gari lake limezeeka, magunia sita mlimani halipandi. Akachukia, akaenda kuazima trela.

Mbinu ya pili: nimemwambia mama mkwe kwamba redio imetangaza mvua kubwa Zlatibor wiki nzima. Akanishukuru kwa kumjulisha mapema. Anabeba turubai.

Mbinu ya tatu sina.

Ijumaa, 29 Agosti

Tumefika. Niko hai. Naandika nimelala kwenye majani ya uani kwa Milunka.

Trela ilipasuka gurudumu kabla hatujatoka mjini, magunia yakahamia ndani ya gari. Mawili yalikuwa mapajani mwangu. Saa tano za safari, joto nyuzi thelathini na nne, na madirisha yamefungwa yote! Kwa sababu ya kifua changu. Kioo kikifunguliwa huku na huku, upepo unapita katikati, na upepo wa namna hiyo, mtoto yeyote wa kwetu anajua, huingia shingoni na hukutoa roho. Niliomba kidogo tu, upana wa kidole. Mama mkwe akauliza kama nataka kumwachia binti yake ujane. Živadin aliendesha shati limelowa chapachapa, akikilaani kifua changu kuanzia Kraljevo mpaka hapa.

Gari liliposimama nilianguka nje pamoja na gunia. Milunka alisema masikini, huyu kweli mgonjwa.

Jumamosi, 30 Agosti

Nilikuwa nimedhani nitaandika mistari miwili tu leo.

Asubuhi ilianza kama peponi. Mimi juu kwenye roshani, blanketi magotini, gazeti mkononi. Chini wao wanatoka jasho. Živadin anapasua kuni, mama mkwe anageuza hoho kwenye bamba la jiko, Milunka anabeba ndoo. Nikajiambia, Vukadin, umewaweza!

Kisha moshi ukaanza kupanda. Roshani iko juu ya jiko kabisa. Nilikohoa mpaka machozi, kikohozi cha kweli safari hii, na mama mkwe akaninyooshea koleo: mnaona? Mnaona hali yake? Nikaletewa chai ya maua na mchuzi wa kuku usio na chumvi. Walipochoma nyama mchana, harufu ndiyo iliyokuwa fungu langu. Bia hata sikuthubutu kuitaja.

Lakini si hayo yaliyonitoa pale. Ni Slavica. Alikuwa amekaa juu ya kreti, mikono myeusi mpaka viwikoni, anamenya. Nje ya uzio watu walikuwa wanapita kwenda ziwani, wanawake kwa wanaume, koni za aiskrimu mkononi. Aliinua uso mara moja akawatazama mpaka wakapinda kona. Halafu akachukua hoho nyingine.

Niliona aibu. Naiandika kwa sababu hakuna anayesoma daftari hili: niliona aibu mpaka masikio yakawaka.

Nikashuka ngazi na blanketi langu. Nikasema yote. Hakuna daktari. Hakuna kifua. Nilikuwa naikimbia sufuria.

Hoho zikawa zinapasukapasuka jikoni. Mama mkwe akafuta mikono kwenye aproni, taratibu, akasema alijua tangu kikohozi cha kwanza. Marehemu mume wake, siku ya kuchimba viazi, kila mwaka kiuno kilimshika, miaka thelathini na nane mfululizo. Halafu akaniuliza: na wewe mkwe wangu, nani alikwambia umeitwa?

Slavica ndiye aliyenieleza. Ile Alhamisi mama yake alipiga simu kuomba nisiletwe. Familia ilikaa ikakubaliana. Mwache nyumbani, mpe pai ya jibini, mwashie televisheni, mradi asiione sufuria. Živadin alikuwa amejitolea kuninunulia bia. Ningesimama koridoni dakika moja zaidi, ningekuwa nyumbani sasa hivi, na soksi zangu nyepesi, natazama mpira!

Nikauliza kwa uchungu, na yale mafuta ya nguruwe? Mama mkwe akasema yale yalikuwa adhabu. Na madirisha ya gari? Hapo akakunja uso. Madirisha ni kweli, akasema, upepo hauna utani.

Wote walicheka isipokuwa Slavica. Aliweka kisu chini akasema neno lake polepole. Kwamba kikohozi hakimuumi. Anaumia kwa sababu alilia jikoni akidhani nimemkumbuka yeye, kumbe natafuta pa kujificha.

Nilimwambia ni kweli. Nikakiokota kisu, nikamwinua kwenye kreti, nikaenda ndani kumletea kofia, nikamwambia nenda ziwani, na ukirudi kabla ya saa kumi na mbili sikufungulii geti. Nikakaa mimi.

Nilimenya gunia moja na nusu. Živadin alisimama kati yangu na sufuria saa zote kama mlinzi wa benki, na kila nilipojinyoosha mgongo alipiga kelele: mama, anasogea! Slavica alirudi jua linazama, pua imeiva kwa jua, anaimba. Akapanda kwenye roshani akanywa kahawa. Kikombe nilikiosha mimi, hoho zikiwa bado kwenye kucha. Akaniambia nimeacha doa. Nikaosha tena.

Nimepumua. Naapa sijawahi kupumua hivi.

Jumatatu, 1 Septemba

Wameondoka. Chupa sitini na mbili, hata moja haikuungua! Živadin alinikumbatia kwa nguvu akasema Bwana Mkaa, sasa umekuwa Bwana Maganda. Sijui kama ni kupandishwa cheo. Mama mkwe alifunga madirisha yote kabla gari halijawashwa.

Tumebaki wawili, na siku tano.

Alhamisi, 4 Septemba

Siku nzuri kuliko zote. Tumezunguka ziwa mara mbili. Slavica ameshika mkono wangu mbele za watu. Mchana kwenye roshani nimemwapia, mkono kifuani: kuanzia leo hakuna hila, hakuna uongo, kama sitaki jambo nitasema sitaki kama mwanamume. Akaitikia kwa kichwa. Nikajisikia mwepesi, mtu mpya kabisa.

Baada ya chakula mama mkwe akapiga simu. Safari hii nilisubiri mpaka mwisho. Ni kuhusu kabichi za kutia chumvi kwenye pipa, Jumamosi ya tarehe 8 Novemba, na mara hii nimealikwa kwa jina. Pipa ni zito, alisema, na kabichi haiungui. Nilifurahi sana kuhesabiwa tena. Nikamwambia nitakuja bila kukosa, mama, nani atanizuia!

Nimekata simu, nimekaa, nimefikiri. Ngazi za ghala lao ni kumi na nane. Maji ya kabichi Novemba ni barafu tupu. Na nikilisikiliza vizuri goti langu, tangu siku ile ya kreti haliko sawa. Huko Vrnjačka Banja kuna maji ya moto yanayosifiwa kwa magoti, na mwanzo wa Novemba vyumba havina watu. Kosa la kifua lilikuwa moja tu, kwamba kilianza ghafla. Goti linatakiwa lianze mapema ili liwe na historia.

Nimeanza leo hii. Nimeshuka kwenda uani nikichechemea, kidogo tu, bila kujionyesha. Slavica alikuwa amekaa na kofia yake anachambua maharage. Bila kuinua macho akauliza ni goti lipi, ili asije akakosea mbele ya mama yake.

Nikasema la kushoto.

Akasema basi nibadilishe, nachechemea la kulia.