Mwaka Harlow Walipoanza Kushinda

Jumamosi, 7 Septemba 2019

Mwaka wa arobaini na moja tangu nitoke Tanga. Karibu miaka yote hiyo nimeila katika mji huu wa Iowa, Marekani, wenye mnara wa nafaka na chuo kimoja.

Msimu wa mpira wa Kimarekani umefunguliwa. Leo vijana wa chuo chetu, Harlow, wameshinda. Ajabu! Tena kwa pointi nyingi. Jukwaani watu walitazamana kama waliookota kitu cha mtu.

Mimi sikufurahi. Mdogo wangu Salha akinipigia simu kuuliza nitarudi lini nyumbani, jibu langu ni lile lile: nitarudi mwaka ambao Harlow watawashinda Bexford. Bexford ni wale wa ng'ambo ya mto. Mara ya mwisho kuwashinda bado nilikuwa na nywele. Ni ahadi iliyonitunza vizuri, na nilitumaini itanifikisha kaburini.

Sasa amekuja mrushaji wa mwaka wa kwanza, Tanner Oltmann, mtoto wa mfuga nguruwe. Anarusha ule mpira wa umbo la yai kama mtu anayekupitishia mkate mezani. Hatari.

Jumapili, 8 Septemba

Salha amepiga. Kumbe mwanawe anafuatilia matokeo yetu kwenye simu! Akaniambia nianze kufunga mizigo, huku anacheka. Nikamjibu kwamba msimu ni mrefu, na Bexford ni wa mwisho.

Nimefikiri mchana kutwa. Harlow lazima waharibikiwe. Lakini taratibu, na mtu asijue.

Jumamosi, 21 Septemba

Watu wa hapa ni Walutheri wa maneno machache. Ukiwauliza habari za ushirikina, watakuambia kwamba hawana mambo hayo. Lakini jirani yangu Verlyn Tjaden, aliyekuwa akiuza matrekta, hajalifua sweta lake la Harlow tangu ushindi wa kwanza. Kulifua ni kuiosha bahati.

Nimepata pa kuanzia!

Kabla ya mechi huwa tunapika kwenye maegesho ya uwanja, nyuma ya magari. LaVonne, mke wa Verlyn, hupika maharage ya nyama na pilipili, yanayoliwa na mikate ya mdalasini. Yangu, mimi Mwislamu, huyapika katika sufuria ya peke yake, kwa nyama ya ng'ombe tupu. Hajawahi kukosea. Nikapokea bakuli langu, nikajikwaa, nikalimwaga lote kwenye kifua cha Verlyn. LaVonne akamvua sweta, akalipeleka kufuliwa kwenye mabweni. Verlyn alilisindikiza kwa macho kama jeneza.

Nikatulia kitini, nikasubiri kushindwa.

Tumeshinda. Verlyn anasema kumbe uchafu ndio uliokuwa umeziba bahati. Sasa ni amri: kila mechi sweta limwagiwe maharage, lifuliwe. Mwagaji ni mimi.

Jumamosi, 5 Oktoba

Njama ya pili. Hapa hakuna mtu anayethubutu kusema kabla ya mechi kwamba tutashinda. Watasema vijana wanaonekana wazima, au kwamba hali ya hewa si mbaya. Mimi nikapanda juu ya sanduku la barafu, nikatangaza kwa sauti: "Leo tunashinda, tena bila jasho!"

LaVonne akaangusha upawa. Verlyn akaniuliza, "Profesa, umekula nini leo?" (Nilikuwa mkutubi tu. Ameniita Profesa tangu siku aliyoniona na vitabu viwili kwa mpigo.)

Wapinzani wakaudondosha mpira mara tatu kama umetiwa mafuta. Tumeshinda. Mchungaji wa kanisa lao amenishika mkono na kuniomba mechi ijayo niseme kwa sauti kubwa zaidi, maana wa nyuma hawakusikia.

Jumamosi, 19 Oktoba

Njama ya tatu: niliwakimbia wenzangu. Nikavuka uwanja, nikaketi upande wa wageni, nikawapigia makofi wageni. Aibu ilinila, lakini nilijikaza.

Tumeshinda!

Jioni jirani zangu walinijia mlangoni, Verlyn mbele, kofia mkononi. Alizunguka sana. Mara mahindi, mara baridi inavyowahi mwaka huu. Mwisho akasema, "Profesa, tunakupenda sana. Ila kaa kulekule." LaVonne akanikabidhi blanketi na kuahidi kwamba maharage yangu yatanifuata kila mechi.

Kiti changu kilikuwa pembeni ya Verlyn. Tumekaa hivyo tangu vijana wake walipokuwa wanafunzi hapo. Mimi mwenyewe ndiye niliyejihamisha. Vizuri sana.

Ijumaa, 15 Novemba

Hatujapoteza hata moja. Kesho ni Bexford, hapa kwetu.

Salha amepiga. Nikamuuliza kama mlango wa chumba changu cha uani bado unakwama mvua ikinyesha. Akasema habari za chumba tutaongea baadaye. Nilijaribu kukumbuka rangi ya mlango huo. Kijani? Kila nikifumba macho naona viti vya uwanja wa Harlow. Hivyo ni kijani, nina hakika.

Njama ya mwisho: kurudisha kila kitu kilivyokuwa enzi za kushindwa. Simwagi. Sitangazi. Nakaa kwenye kiti changu.

Jumamosi, 16 Novemba

Nilifika mapema, nikakaa kitini, kola juu. Verlyn akaniona. Hakupiga kelele, watu hawa hawapigi kelele. Akaketi, akavuta pumzi, akasema baba yake alikufa akiusubiri ushindi huu. "Na mimi moyo wangu wenyewe sasa madaktari wameutia vipuri, Profesa. Nakuomba."

Ningefanya nini? Nikamwaga maharage. Nikatangaza. Halafu akanishika mkono, akanivusha uwanja mzima hadi kwa wageni, watu wote wakitazama.

Dakika ya mwisho tuko nyuma kwa pointi mbili. Mpira ukipigwa teke na kupita kati ya milingoti, tunapata tatu. Bibi mmoja wa Bexford aliyekuwa kando yangu akanikamata mkono, akaniambia tuombe pamoja ukose. Nikaona hii ndiyo nafasi yangu. Nikafumba macho niombe ukose.

Nilipofumbua nilikuwa nimesimama juu ya benchi, nimeutupa mkono wa yule bibi, nikipiga ukelele kwa Kiswahili: "Ingia! Ingia wewe!"

Ukaingia.

Wanafunzi waliing'oa milingoti, wakaibeba hadi barabara kuu. Ncha moja tuliishika mimi na Verlyn. Yeye alikuwa analia, na mimi nilikuwa na mafua.

Jumapili, 17 Novemba

Nimempigia Salha mwenyewe. Nikamwambia: wameshinda. Akajibu kwamba amekwisha kusikia.

Ndipo akaniambia habari za chumba. Humo anakaa mke wa mwanawe, tangu alipoolewa. Watoto wawili wamezaliwa humo, na mkubwa anasoma. Mlango waliubadilisha zamani. Wa sasa ni wa chuma.

Nikamuuliza kwa nini basi kila mara ananiuliza nitarudi lini. Akasema, "Kaka, ningeacha kukuuliza, ungeumia."

Nikamfafanulia kwamba ahadi, kwa usahihi wake, ilikuwa Harlow wawashinde Bexford kwenye uwanja wa Bexford. Mwaka ujao tunakwenda kwao. Akasema, "Sawa, kaka. Nitakuuliza."

Tanner amebakiza miaka mitatu chuoni. Lazima nijipange mapema. Nimeanza kuifikiria mikate ya mdalasini: sukari ya LaVonne ikigeuka chumvi, bahati gani itabaki?

Tanga sitarudi.