Maksai Wetu Yuko Berlin

Jumatatu, 1 Novemba 1999
Mvua ya kwanza Kasoli. Majirani wote wanalima pamba. Sisi tunatazama. Maksai mmoja yuko zizini. Mwenzake ni nyumba Berlin.

Agosti nilimshawishi Baba amuuze. Binamu yangu Januarius, anayeishi London, akaninunulia hisa za mfuko unaomiliki nyumba za kupangisha Ujerumani. Zinauzwa kwenye soko la hisa la huko. Mpangaji analipa, sisi tunagawiwa. Niliahidi kwamba gawio la Oktoba litarudisha maksai kabla ya mvua.

Baba alikubali nilipomfananishia na ng'ombe wa kukabidhi: unampa mtu akutunzie, maziwa yake, ndama wako. Mungu ambariki. Baba gani mwingine angemsikiliza binti?

Jumatano, 3 Novemba
Baiskeli hadi Bariadi, kupiga simu. Januarius mzima. Hisa si nzima. Bei imeshuka karibu nusu. Gawio hakuna, wanakarabati mapaa. Akasema nivumilie. Nikamshukuru kwa moyo wote. Simu ilikatika ningali nashukuru.

Alhamisi, 4 Novemba
Nimemwambia Baba nusu ya mali imekufa. Kosa kubwa. Akauliza, "Ngozi iko wapi?"

Ndiyo desturi. Ng'ombe akifia kwa mtunzaji, mtunzaji analeta ngozi, asipoleta, amemla. Nikajitetea kwamba nyumba bado zimesimama, thamani tu ndiyo imepungua.

"Basi amekonda," akasema Baba. "Aliyekonda hutembelewa."

Anataka niende Berlin nikamwone.

Jirani yetu Ngeleja alikuwa uani, anasikia yote. Naye amebakiwa na maksai mmoja; mwingine alikufa Septemba. Akataka kujua kama mpangaji wangu Mjerumani anaweza kuvuta plau. Mama alicheka. Mama yangu mwenyewe!

Jumamosi, 6 Novemba
Nimemfunga maksai wetu nira moja na punda wa shangazi. Punda akalala. Maksai akaendelea. Nira imevunjika.

Baba hakunigombeza. Alikwenda kutazama shamba lenye magugu, akarudi, akasema mwaka huu labda tutalima kwa mkono. Mgongo wake haufai kwa jembe la mkono. Najua, na yeye anajua kwamba najua.

Jumatatu, 8 Novemba
Asubuhi, Ngeleja mlangoni na maksai wake na nira mpya. Hakuna aliyemwomba.

"Wako mmoja, wangu mmoja," akamwambia Baba. "Tuanze kwako, kabla huyu binti hajamfunga mama yake."

Tumelima hadi jua kali. Baba alishika plau akiimba. Nilifuata nyuma yao nikilia kwa shukrani, nikajikwaa mara nyingi.

Jumanne, 9 Novemba
Wema wa Ngeleja haulipwi kwa uji. Nimewaza sana. Bei ya hisa iko chini: maksai mmoja leo ananunua hisa karibu mara mbili ya tulizopata sisi. Na wake amenona kuliko wetu. Tukimaliza kupanda nitakwenda kumweleza taratibu. Mtu mwema kiasi kile hastahili kubaki na mali inayokula majani.